Kipindi cha Nne, Asilimia Arobaini na Moja

Televisheni ya zamani, ile yenye tumbo nyuma, ikikaa siku kadhaa bila umeme halafu umeme ukarudi ghafla, hutoa harufu yake: vumbi linaloungua polepole, plastiki iliyopata joto, na kitu kingine kama nywele zilizoguswa na pasi. Ninyi wa rika langu mnaijua. Watoto wetu hawaijui, wao wanatazama filamu kwenye simu, kichwa chini ya shuka. Juzi jirani yangu alitoa televisheni ya namna hiyo stoo, akaiwasha kujaribu kama bado ni nzima. Mimi nilikuwa nimepita tu kuomba chumvi, nikajikuta nimekaa kwenye kiti chake bila kukaribishwa. Nilikuwa nimerudi Kikula, mtaa wa utoto wangu, katika nyumba yetu ya matofali ya kuchoma, na nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nilikuwa na hasira. Chumvi niliisahau.

Televisheni yetu ilikuwa na disc moja ya filamu, na disc hiyo ililetwa na Papa. Alikuwa dereva wa lori la mawe ya shaba huko Kakanda, anakaa wiki nzima, sisi tunamwona Jumamosi. Haikuwa na jalada. Muuzaji alikuwa ameandika juu yake kwa kalamu nene: FAMILLE NGUVU. Jina lake halisi sijalijua mpaka leo, wala silitafuti. Ilikuwa na vipindi kumi, msimu mzima, na picha ilikuwa inakwama kila watu wanapokimbia. Habari yenyewe ilikuwa ya familia moja ya ng'ambo. Baba anasimamisha gari moshi kwa kifua. Mama anasikia mawazo ya watu. Kijana wao anakimbia juu ya ziwa bila kulowa. Na kitinda mimba, msichana mdogo, nguvu zake zilichelewa kutokea hata ndugu zake wakawa wanamcheka. Nguvu hizo walizipata katika kipindi cha kwanza, kwa kula wote mkate mmoja mezani kwa bibi yao. Hilo la mkate lishikeni, litatuletea balaa.

Watazamaji tulikuwa watatu: mimi, kaka yangu Héritier aliyenizidi miaka miwili, na Feza. Feza alikuwa na miaka sita, mtoto wa marehemu mdogo wake Mama. Aliletwa kwetu na mfuko mmoja wa nguo, akapewa nusu ya kitanda changu, na kwa mwezi wa kwanza nilimchukia kwa sababu ya mateke yake. Mwezi wa pili alikuwa ananiita yaya, dada mkubwa, nami nilikuwa silali kama mateke hayapo.

Vipindi vile tulivitazama mpaka tukavijua kwa moyo, halafu tukaona haifai kuviacha hivi hivi bila matokeo. Ninyi mnakumbuka proclamation, siku ya kutangaza matokeo ya shule. Wazazi wamejaa uwanjani, mkurugenzi wa shule anasoma majina kuanzia wa kwanza, na kila anayeitwa anamwagiwa poda kichwani na mama yake mpaka anafanana na mtu aliyetoka kulala kwenye gunia la unga. Anayeshindwa jina lake linasomwa mwisho, kwa sauti ya chini, kama mkurugenzi ndiye anayeona haya. Basi nasi tukaviandikia vipindi bulletin, ripoti kama ya shule, kila kipindi ukurasa wake: pointi za mapigano, pointi za kucheka, pointi za kuogopa, na mwisho conduite na application, yaani tabia na bidii, kama ilivyo ada. Héritier alikuwa mkurugenzi, mimi sekretari. Feza alikuwa mwanafunzi, maana lazima apatikane mtu wa kumwagiwa poda kwa niaba ya kipindi kilichoshinda.

Kilichoshika nafasi ya kwanza kilikuwa cha tisa, cha gari moshi, asilimia themanini na sita. Mimi nilipinga. Nilikitaka cha saba, ambapo yule mdogo hatimaye anapata nguvu zake na kuirusha nyumba yao hewani, watu wakiwa mezani wanakula. Tuligombana siku mbili, Héritier akashinda kwa kuwa ndiye aliyeshika kalamu. Cha sita hakikupewa matokeo kabisa: disc ilikuwa na mkwaruzo, mama wa watu anabaki mdomo wazi na hasogei tena, tukaandika "mgonjwa." Na kilichoshika mkia, cha nne. Arobaini na moja. Hakuna anayepigana, hakuna anayeruka, watu wamekaa tu chumbani karibu na mtoto mwenye homa. Tulikiandikia kirudie mwaka bila hata kujadili.

Nyuma ya daftari tukaendelea na nyumba yetu wenyewe. Papa tukampa gari moshi. Mama mawazo, na hilo halikuhitaji mjadala, Mama alikuwa anajua nani amelamba maziwa ya unga kabla mlambaji hajafunika kopo. Tantine Georgette, dada mkubwa wa Papa, aliyekuja kuishi nasi tangu alipofiwa na mumewe, tukampa macho ya kuchoma nyumba. Feza aliomba kuruka na kupita ukutani, vyote viwili, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumnyima. Ili nguvu zishike, nilikata kipande cha mkate, nikamtia mdomoni, nikasema nimekupa. Alitafuna macho yamefumba.

Mtu wa kwetu akifika hapa ameshashika kichwa. Uchawi unavyoingia kwa mtoto kila mtu anajua: unaingia kwa chakula. Mtu anampa kipande cha mkate au kiganja cha karanga, na usiku mtoto anaruka, anapita ukutani, anakwenda kula watu. Nililisikia hilo kanisani mara nyingi, hata nikalitolea ushuhuda wa uongo mara moja ili nisifiwe. Lakini sikuliunganisha na sisi. Kichwani mwangu yale yalikuwa mambo ya Jumapili, haya yalikuwa mambo ya televisheni, na kati yake kulikuwa na ukuta ambao hata Feza asingeupita.

Ilikuwa Jumanne. Tantine alirudi kutoka kwenye kikundi cha maombi, akamkuta Feza amekaa kizingitini, kichwa cheupe, anajiona malkia. Proclamation ilikuwa imemalizika muda huo huo.

"Feza, ni nini ku kichwa?"

"Poudre, Tantine. Minye njo nilikuwa premier, wa kwanza."

"Premier wa nini?"

"Wa kuruka."

Daftari lilikuwa pale chini. Tantine alilisoma akitembeza midomo, ukurasa kwa ukurasa, mpaka akafika nyuma. "Minye?" akasema, akijipiga kifua. "Minye njo nachomaka manyumba ya bantu?" Nilitaka kucheka, Mungu anisamehe. Kisha akachutama mbele ya Feza, akatoa sauti laini, ile ya kanisani, na kicheko kikaniisha.

"Mama yangu, ambia Tantine kweli. Unarukaka?"

"Ndiyo," Feza akasema, kidevu juu.

"Unapitaka mu ukuta?"

"Ndiyo, Tantine."

"Nani alikupa?"

"Yaya Nadine. Alinipa mu mukate."

Nikaruka mimi sasa. "Tantine, ni filme! Ni minye njo nilimupa, tulikuwa tunacheza!"

Hakunigeukia. "Weye haujue kintu, Nadine. Weye ni damu yetu. Kintu kikiingia mu nyumba, kinaingiaka na mwenye kutoka inje."

Sikilizeni hapo. Mtoto amenitaja mimi kwa jina, nami nimekiri kwa mdomo wangu, lakini kosa likapita juu ya kichwa changu na kumwangukia yeye, kwa sababu mimi nina baba ndani ya nyumba ile na yeye hana. Nilikuwa sijawahi kuhisi hasira ya namna hiyo. 

Uamuzi ulitolewa kabla sufuria haijachemka. Ijumaa mchana Feza atapelekwa kwenye maombi ya kutoa pepo kwa watoto. Akikataa kufunguka, ataenda kwa ndugu za baba yake, watu ambao hata mmoja wao hakuwahi kufika kumwona. Tangu jioni ile akawa anakula peke yake, sahani yake pembeni ya ukuta, na maji aliyompelekea Tantine yakamwagwa nje mbele ya macho yake. Feza alidhani amekosea kikombe. Akaleta kingine.

Nilimfuata Mama jikoni, anasonga bukari, ugali wa kwetu. "Mama, musemeshe Tantine."

"Nikisema, batasema namukinga juu ni wa ndugu yangu." Hakuacha kusonga. "Tungojee Papa yenu."

"Papa anakuya Samedi! Maombi ni Vendredi!"

"Najua siku, Nadine." Akapiga mwiko kwenye ukingo wa sufuria, na nikaona analia bila kujifuta, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

Nikajifunga kibwebwe. Kama Tantine amehukumu kwa sababu ya filamu, basi aitazame filamu. Zamu ya umeme upande wetu ilikuwa Alhamisi alasiri. Jumatano nilikaa naye kuchambua maharage, kazi niliyokuwa naikimbia kama deni, nikachambua nusu ungo, kisha nikasema, "Tantine, muangalie filme mbele, kiisha muhukumu. Hata ku école, mbele ya kutufukuza banatusikilizaka."

Alitupa maharage mawili mabovu. "Filme ya mashetani."

"Muone mashetani yenyewe basi."

Aliniangalia muda mrefu, na naapa yale macho yangeweza kuchoma nyumba. "Moya tu," akasema. "Episode moya. Na nikiona kintu kibaya, nazima."

Kimoja kati ya kumi. Nilichukua daftari nikaenda nyuma ya nyumba, nikaketi juu ya tofali, nikaanza kuvipanga upya, na mara hii bila Héritier. Pointi zilikuwa za kitu kimoja tu: kipi kitamwokoa Feza. Cha tisa, bingwa wetu, baba kabla ya kusimamisha gari moshi anapiga kelele kwa lugha isiyojulikana. Tantine angezima hapo hapo. Cha pili, kijana anakimbia juu ya maji, na aliyetembea juu ya maji Tantine alimjua ni mmoja tu. Cha kwanza kina mkate. Cha saba, kipenzi changu nilichokigombania siku mbili, kina msichana mdogo mwenye umri wa Feza anarusha nyumba na watu ndani. Ningekuwa nimempeleka mwenyewe kwa mchungaji. Cha kumi wote wanageuka moshi. Cha sita ni mgonjwa, na cha tatu, cha tano na cha nane ni mapigano matupu. Nilivifuta kimoja kimoja kwa kalamu ya risasi. Vile tulivyovimwagia poda ndivyo vilivyokuwa na sumu. Nikabaki na kile kinachorudia mwaka, na nilikata tamaa, kwa maana nilikuwa na hakika Tantine atasinzia.

Alhamisi umeme ulikuja. Televisheni ikatoa ile harufu yake. Tantine alikaa na Biblia mapajani, Mama akasimama mlangoni na kitambaa cha vyombo, Feza akafichwa chumbani kwa amri. Mimi nilichuchumaa pembeni nikitafsiri Kifaransa, maana Tantine alikuwa anakisikia nusunusu.

Kipindi chenyewe mnakijua sasa: hakina kitu. Mtoto ana homa. Baba, yule wa gari moshi, anaingia, anaangalia mikono yake, anatoka. Anarudi na beseni la maji, na maji yanamwagika njiani kwa sababu mikono inatetemeka. Mama mwenye kusikia mawazo anaweka sikio kwenye paji la mtoto. Mumewe anamwuliza anasikia nini.

"Anasema nini?" Tantine akauliza.

"Anasema hasikie tena kintu, Tantine. Mutoto hana nguvu ya kuwaza."

Tantine akafumba macho. Midomo ikaanza kutembea. Nikajua tumekwisha, anaiombea televisheni iungue. Nikaendelea kutafsiri kwa ukaidi, nikitafsiri hata pale ambapo hakuna anayesema: sasa banamupanguza, Tantine, sasa banamugeuza, sasa mama yake anamufunga kitambaa. Baadaye sana, nilipokuwa na mtoto wangu mwenyewe, ndipo Mama aliponiambia kwamba Tantine alizaa mara moja tu, msichana, na homa ilimchukua kabla hajaanza kutembea, na wakwe zake walisema yeye ndiye aliyemla. Alifukuzwa akiwa bado na maziwa kifuani, akaja kuolewa na mwingine baadaye. Hilo mimi sikulijua. Niliona tu mwanamke mgumu amefumba macho, nikamchukia kwa nguvu zangu zote huku nikimtafsiria vizuri.

Kilipoisha alifungua macho.

"Hii mulimupatia ngapi?" akauliza.

"Quarante et un," nikasema. "Ni arobaini na moya, Tantine. Alianguka."

"Mwalimu yenu ni mubaya." Akasimama, akakunja kitambaa chake. Nikafikiri nimeshinda. Akiwa mlangoni akasema bila kugeuka, "Kesho tunaenda. Mutoto asikule asubui, ni mafungo."

Msiniulize nililalaje. Ninachokijua ni kwamba Ijumaa sikwenda shule. Mama aliniona nimevaa gauni la Jumapili, akanifunga tu kifungo cha mgongoni ambacho sikukifikia. Tantine naye hakunifukuza. Tulitembea kupanda kilima cha kwenda kanisani, vumbi jekundu likitupaka viatu, Tantine mbele, mimi na Feza nyuma, mkono wake ndani ya wangu. Nilikuwa na mpango, na ulikuwa mpango wa mtoto: wakimgusa, nitapiga kelele kwamba mchawi ni mimi, nitaanguka chini, nitatoa povu nikiweza. Ushuhuda wa uongo nilikuwa nimeshazoea.

Uani mwa kanisa kulikuwa na foleni. Akina mama na watoto wao, baadhi wakubwa kama mimi, wengine mgongoni. Ndani mtu alikuwa anapiga ngoma na sauti moja ya mtoto ilikuwa inalia juu ya ngoma, kisha ikanyamaza. Feza aliniuliza kama ni proclamation. Nikasema ndiyo. Jua lilikuwa utosini. Alikuwa hajala tangu jioni, na kila baada ya hatua chache alikuwa ananiegemea, halafu anakumbuka na kusimama wima, maana nilimwambia wanaosimama wima ndio wanaofaulu.

Mlangoni alikaa mama mmoja na daftari kubwa. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka kama sisi. Zamu yetu ikafika.

"Mutoto ni wa nani?"

Nikaikaza mikono, nikavuta pumzi ya kupigia kelele.

"Ni wangu," Tantine akasema.

Yule mama akaandika. "Iko na shida gani?"

Tantine alimwangalia Feza. Nadhani tangu Jumanne ilikuwa mara ya kwanza kumwangalia usoni. Feza alisimama wima kabisa, kidevu juu, anasubiri matokeo yake, kisha akaniegemea, akakumbuka, akasimama tena. Kalamu ilikuwa inangoja. Nyuma yetu mtu akasema tusogee.

"Shida?" Tantine akasema. "Iko na njaa. Tangu jana hajakula."

"Mama, nauliza shida ya kiroho."

"Nimekuambia shida yake. Iko na njaa. Futa jina."

Akamwinua, akamtupia mgongoni kama vile hana uzito, akamfunga kwa kitenge chake, mtoto mzima wa miaka sita, miguu ikining'inia. Watu kwenye foleni wakatupisha. Wengine walinong'ona, na Tantine aliwajibu kwa macho tu. Mpango wangu ulikufa kifuani, kelele yote bado imo ndani, na nusu ya njia ya kurudi nililia kwa sababu sikuwa na pa kuipeleka. Sikumsamehe siku ile. Nilimsamehe polepole, kwa miaka, na kuna sehemu ndogo bado sijaimaliza.

Nyumbani Mama alikuwa amekaa kizingitini, ametulia namna ya mtu anayengoja habari ya msiba. Alipouona mgongo wa Tantine na alichobeba, alisimama, akashika mlango. Tantine akafungua kitenge, akamteremsha Feza. Alisema tu, "Tupatie bukari, yaya," yeye ambaye ni mkubwa na hakuwahi kumwita Mama hivyo.

Bukari ikaja na sombe ya majani ya muhogo, katika sahani moja kubwa. Feza akaiangalia, akatafuta kwa macho pembeni ya ukuta.

"Na sahani yangu iko wapi?"

"Njo hii," Tantine akasema.

Akanawa, akakaa chini mkekani naye, akasubiri Feza amege kwanza.